Maswali ya Wasomaji: Pishi, Hatua 70 na Sheria Zilizokawia Kuondoka

Katika toleo lililopita tulieleza kwa nini gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi, limekatazwa na sheria, na barua zilizofuata zimetoka karibu kila wilaya ya Mtwara na Lindi. Wasomaji wameuliza juu ya bakuli, hatua, ratli, pishi na korija, na wawili wameuliza juu ya sheria zenyewe. Nimezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa jambo linaloulizwa.

Shikamoo Mhariri. Mwanzoni mwa Oktoba, kabla minada haijaanza, nilihitaji ada ya mtoto nikamuuzia kijana mmoja korosho kwa kangomba, yaani kimagendo nje ya mnada. Alikuja na bakuli lake, akalijaza mpaka likawa na kichwa, akasema hiyo ni kilo moja. Baadaye nilipima bakuli kama hilo kwenye mizani ya jirani nikaona linazidi kilo. Marehemu baba alipima kwa pishi maisha yake yote na hakuna aliyemlalamikia. Je, kosa ni kupima kwa chombo badala ya mizani, au kosa ni la mtu? — Mkulima, Tandahimba

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa hasara hiyo. Nashukuru kwamba umemtaja mzee wako, kwa sababu pishi yake haistahili kutiwa kapu moja na kangomba. Pishi ilikuwa na ukoo unaojulikana sokoni. Vibaba viwili vilifanya kisaga, visaga viwili vilifanya pishi, na pishi ya nafaka ilikadiriwa kuwa ratli 6, yaani kilo 2.7 hivi. Juu yake ilikuwapo frasila ya ratli 35 au 36, karibu kilo 16, ambayo ndiyo iliyopimia pembe za ndovu, sandarusi na mpira uliopakiwa majahazini Kilwa, Lindi na Mikindani. Hata lugha ilikuwa na ulinzi wake, kwa kuwa mtu hakutaja kibaba tu akanyamaza: alitaja kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, au kibaba cha tele, kilichoachwa na kichwa, na bei ilifuata neno lililotajwa. Bibi yangu, aliyeuza mtama na mchele barazani kwake Mikindani, alikuwa na kibaba cha mti ambacho ukingo wake uling'aa kwa miaka mingi ya kupitishiwa kijiti, na kijiti hicho alimpa mnunuzi akifute mwenyewe, yeye akiwa amekaa kando anaangalia.

Kangomba haina kijiti. Bakuli ni la mnunuzi, amelichagua mwenyewe, analijaza mwenyewe, na siku zote linajazwa kwa tele. Hapo ipo hesabu ambayo mkulima anapaswa kuijua. Chukua kopo lenye mdomo wa sentimita 10 na bakuli lenye mdomo wa sentimita 20, uvijaze vyote mpaka korosho zikatae kusimama na kuanza kuporomoka. Mtu angedhani kichwa cha bakuli kitakuwa mara mbili ya kichwa cha kopo, kumbe kinakuwa mara nane, kwa sababu upana umeongezeka mbele na ubavuni, na kimo nacho kimepanda pamoja navyo. Kichwa cha kopo hakizidi kikombe kidogo cha kahawa, ilhali kichwa cha bakuli kinapita nusu lita. Ndiyo maana walanguzi hupenda chombo kipana na kifupi. Tuseme bakuli linaloitwa kilo linabeba kilo moja na robo: ukiuza mabakuli 80 umelipwa kilo 80, lakini zilizoondoka nyumbani kwako ni kilo 100, na kilo hizo 20 zimekwenda kabla hujafika hata kwenye malalamiko ya bei.

Kisheria jambo liko wazi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka biashara ya namna hii ifanywe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na uhakiki huo hurudiwa kila mwaka. Bakuli halina chapa, halina mwenye kulihakiki, wala halifanani na la kijiji cha pili. Kwa hiyo kosa ni la mtu, na chombo ndicho kinachomwezesha.

Hata hivyo, siwezi kukulaumu kana kwamba sijui maisha ya msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, hupimiwa kwa mizani, mzigo huingia ghala kuu, kisha husubiri mnada na malipo. Kati ya deni la salfa ya kupulizia ubwiri unga na siku ya malipo kuna miezi, na ada ya shule haingoji mnada. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, wenye mizigo ya kangomba walitafutwa kwa kuhakiki mashamba, lakini shida ya fedha inayomkuta mkulima kabla ya mnada haikuondolewa na uhakiki huo. Kwa maoni yangu, bakuli litaendelea kuzunguka vijijini mpaka mkulima apate mahali pa kukopa fedha ndogo kwa masharti anayoyaelewa, na hilo ni jukumu ambalo vyama vyetu havijalibeba inavyopasa.

Kwa msimu ujao, jaribu kikundi chako cha VICOBA kabla ya kumwita mwenye bakuli, maana riba ya kikundi unaijua kabla ya kukopa, ilhali riba ya bakuli unaigundua baada ya kuuza. Na hata kwenye mizani usione haya kuhakikisha. Weka juu yake chupa 10 za maji za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa. Maji hayo ni kilo 15, na chupa zenyewe huongeza kidogo sana. Mizani ikisoma 13 au 14, simamisha upimaji na umwite kiongozi wa chama.

Sisi ni vijana wa palizi na tunalipwa kwa ekari. Mwenye shamba hupiga hatua 70 kwa 70 yeye mwenyewe, na ana miguu mirefu kuliko sisi wote. Mwezi uliopita alipomuuzia mtu kipande cha shamba lile lile, alimtuma mwanawe wa darasa la sita kupiga hatua. Ekari ni nini hasa? — Vijana watatu, Nachingwea

Barua yenu imebeba swali na ushahidi wake pamoja, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Ekari ni kipimo cha Kiingereza chenye yadi za mraba 4,840, ambazo ni sawa na mita za mraba 4,047 hivi. Ukitafuta mraba wenye eneo hilo, kila upande unakuwa na yadi 69 na nusu na ushei, na bila shaka hapo ndipo zilipotoka hatua 70: hatua moja ndefu ya mtu mzima ilihesabiwa kuwa yadi moja, yaani sentimita 91. Aliyeanzisha kanuni hiyo hakukosea. Kosa liliingia baadaye, yadi iliposahauliwa ikabaki hatua peke yake, na hatua ni ya kila mtu na mguu wake.

Angalieni inavyokwenda. Mtu mrefu anayenyoosha mguu mpaka ukafika mita moja, akipiga hatua 70 kwa 70, amepima mita za mraba 4,900, ambazo ni ekari moja na zaidi ya sehemu ya tano juu yake. Mtoto ambaye hatua yake ni sentimita 75 amepima mita za mraba 2,756, ambazo ni kama theluthi mbili tu za ekari. Vipande hivyo viwili vinaitwa jina moja, ekari, na kikubwa kinakaribia kuwa mara mbili ya kidogo. Nyinyi mmelima kikubwa, mnunuzi amelipia kidogo, na katika hali zote mbili aliyechagua miguu ni mwenye shamba.

Ipo historia ya kueleza kwa nini tunahesabu hivi. Wajerumani, ambao nchi yao ilitumia mita na kilo tangu mwaka 1872, walituletea hekta. Waingereza walipochukua utawala baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walituletea ekari, yadi na ratli, na hapo kwenu Nachingwea ekari iliimbwa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulipangwa kwa mamilioni ya ekari, kisha ukavunjika mwaka 1951. Trekta zikaondoka, reli ya kwenda Mtwara ikang'olewa baadaye, na ekari ikabaki midomoni mwetu. Serikali huru ilirudi kwenye mita, na leo nyaraka za ardhi huandikwa kwa hekta au mita za mraba, lakini kibarua, mnunuzi na mzee wa kijiji bado wanasema ekari, nami sioni dhambi katika neno hilo maadamu kila anayelitumia anapima kitu kimoja.

Fanyeni hivi. Nunueni kamba ya katani isiyonyumbuka, muipime kwa utepe wa fundi seremala, na mfunge fundo kwenye mita 63 na sentimita 60. Mraba wenye fundo hilo kila upande ni ekari kamili, awe anapima mrefu au mfupi. Kwenye shamba la korosho lililopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kama wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanavyoshauri, hesabuni miti pia: ekari huchukua kama miti 28. Mashamba ya wazee yaliyopandwa bila mistari hayafuati hesabu hiyo, kwa hiyo huko kamba ndiyo ya kutegemea. Kuhusu aliyenunua kipande kile, mshaurini aende ofisi ya kijiji kabla jirani hajaweka mpaka, kwa sababu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo haipimwi kwa miguu ya mtu.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara mjini. Kiini kizima cheupe tunakipanga kwa namba 180, 210, 240, 320 na 450, na boksi likijaa linakuwa na kilo 22.68. Namba hizi zina maana gani, na kwa nini boksi lisiwe na kilo 25 tu? — Msomaji, Manispaa ya Mtwara

Dada yangu (nimekisia kwa mwandiko, na kama nimekosea naomba radhi), namba hizo ni hesabu ya viini katika ratli moja ya Kiingereza, ambayo siku hizi wengi huiita paundi, yenye gramu 454 kasoro kidogo. Daraja la 320 ni viini visivyozidi 320 katika ratli moja, kwa hiyo kiini kimoja kina gramu 1.4 hivi; daraja la 180 lina viini vinene vya gramu 2.5. Ndiyo maana namba ikipungua bei hupanda, jambo ambalo huwachanganya wageni wa kazi hii. Kuhusu boksi, jibu ni jepesi mara ukijua siri ya ratli: biashara ya kiini ilizoea makopo ya ratli 25, na makopo mawili katika boksi moja ni ratli 50. Zigeuzwe ratli hizo 50 kuwa kilo, unapata 22.68.

Chanzo chake ni soko. Tangu miaka ya 1920 kiini cha korosho kutoka India kiliuzwa Marekani, nchi ambayo hadi leo hununua sukari, nyama na karanga kwa ratli, na desturi ya mnunuzi mkubwa ikawa desturi ya biashara nzima. Jambo la kushangaza ni kwamba hata ratli ya Marekani imefungwa kwenye kilo tangu mwaka 1893, maana serikali ya huko iliamua kuieleza kama sehemu ya kilo. Kipimo kimekwisha kubadilika ndani, jina likabaki.

Nakaa kidogo hapa kwa ajili ya mkulima, kwa sababu ratli hiyo inamgusa kabla korosho hazijafika kwako mezani. Wanunuzi wa korosho ghafi hupima ubora kwa kuangalia ratli ngapi za kiini kizuri zinatoka katika gunia la kilo 80. Likitoa ratli 48, hizo ni kilo 21.8 za kiini. Likitoa 50, ni kilo 22.7. Mkulima anauza kwa kilo, bei anatangaziwa kwa shilingi kwa kilo, lakini katika daftari la mnunuzi mzigo wake umekwisha kupewa namba ya ratli ambayo yeye huenda hajawahi kuisikia. Kuanika vizuri na kuondoa korosho mbovu ndiko kunakoipandisha. Ningependa kuona kila chama cha msingi kikiandika namba hiyo ubaoni siku ya mnada, pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili, ili mkulima ajue amepimwa kwa kipimo gani.

Mwezi wa Ramadhani imamu wetu hutangaza Zakatul-Fitri kwa pishi, halafu duka la mtaani linauza kwa kilo. Vijana wanasema pishi imepitwa na wakati. Je, tuiache? — Mzee wa mtaa, Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Pishi hapa inasimama mahali pa saa, kipimo cha nafaka cha Madina (si saa ya kuhesabia muda), na hata mgawanyo wake unalingana nacho: saa moja ni mudi nne, kama pishi moja ilivyo vibaba vinne. Ni kipimo cha ujazo, si cha uzito, na hilo lina matokeo ya kweli, kwa kuwa pishi ya mchele, pishi ya unga na pishi ya tende hazina uzito mmoja. Kwa mchele wetu, masheikh wengi hukadiria kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu, na mwenye shaka hutoa kilo tatu moyo wake ukatulia.

Sioni sababu ya kuiacha. Ibada imefungwa kwenye ujazo ule, na kilo ni tafsiri yake kwa ajili ya duka. Tena hapa hakuna mnunuzi wala muuzaji wa kupunjana: anayetoa anapima mwenyewe, anazidisha kwa hiari, na anayepokea hapungukiwi. Waambie vijana wapime wenyewe: wajaze pishi ya msikitini kwa mchele, waiweke kwenye mizani ya duka, waandike namba watakayoiona. Watabaki na vipimo vyote viwili.

Fundi ameniandikia "boriti korija 3 na mapau korija 5". Nimnunulie ngapi? — Kilwa Masoko

Korija ni 20. Kwa hiyo boriti ni 60 na mapau ni 100. Ni hesabu ya kale ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, waliohesabia hata nguo kwa korija, na Wareno wakaichukua wakaiita corja. Iko salama, kwa sababu miti unaweza kuihesabu mwenyewe mmoja mmoja. Unachopaswa kumwuliza muuzaji ni kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, maana boriti hukatwa kwenye mikoko, na mikoko ni msitu uliohifadhiwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu anayesomea sheria ameniambia kwamba mahakama zetu bado zinaweza kutumia sheria za Uingereza za mwaka 1920. Nilidhani ananitania. — Lindi mjini

Mwalimu, shikamoo. Hakutanii. Sura ya 358 ya sheria zetu, inayohusu mamlaka ya mahakama na sheria zinazotumika, ilitungwa mwaka 1961, na katika kifungu cha 2 inasema kwamba mahakama zitatumia kanuni za mahakama za Uingereza pamoja na sheria za Bunge lao zenye matumizi ya jumla, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Siku hiyo ndiyo amri ya Mfalme ya kuitawala Tanganyika ilipoanza kufanya kazi. Kifungu chenyewe kina mlango wa tahadhari: sheria hizo hutumika pale tu ambapo hatuna yetu, na kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu.

Yapo mengi tuliyokwisha kuyajenga upya. Sheria ya ushahidi iliyotoka India, ya mwaka 1872, tuliiondoa mwaka 1967 tukaandika ya kwetu, na mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama na ya sheria. Lakini tarehe ile ya 1920 ina jambo linaloniudhi kwa dhati. Waingereza wenyewe walifumua sheria zao za ardhi mwaka 1925, miaka mitano tu baadaye, na wameendelea kufumua nyingine tangu hapo, ilhali kwetu saa ilisimamishwa Julai 1920, kwa hiyo wakili anaweza kuleta mbele ya jaji wa Mtwara sheria ambayo huko kwao imekwisha kufutwa. Mfano mwingine ni makosa ya uzururaji, ambayo wakoloni waliyaingiza katika Kanuni ya Adhabu kutoka kwenye sheria yao ya mwaka 1824, iliyotungwa kuwasaka maskini wa barabara za Uingereza. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kijana aliyekaa stendi akisubiri mzigo wa kubeba hana kosa la kujibu kwa sababu tu hana ajira ya kuandikwa.

Mwambie mjukuu aendelee kukusomea.

Mhariri, mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Binti yangu ana miaka 15 na yuko kidato cha pili. Kaka yangu amepokea posa bila kuniuliza, anasema kwa mila zetu mjomba ndiye mwenye neno, na kwamba hata sheria ya Serikali inaruhusu miaka 15. Je, ni kweli? — Mama, Newala

Mama yangu, nimeiweka barua yako mwisho ili niijibu bila haraka, lakini wewe usisubiri: ukimaliza kusoma, anza kutembea.

Kaka yako ametaja kifungu ambacho kweli kimeandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, inaweka miaka 18 kwa mvulana na miaka 15 kwa msichana, na kifungu cha 17 kinataka msichana aliye chini ya miaka 18 apate ridhaa ya mzazi. Mtoto wa kike na wa kiume wamepimwa kwa vipimo viwili katika sheria moja. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja uliotolewa ulipita bila Bunge kurekebisha neno hata moja, na upungufu huo ndio unaowapa watu kama kaka yako cha kunukuu barazani. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha kusema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18.

Sasa sikiliza jambo ambalo kaka yako hakukuambia. Hata kifungu hicho cha zamani, ukikisoma mpaka mwisho, kinasema ridhaa ni ya baba. Baba akiwa amefariki, ni ya mama. Na mlezi hupewa nafasi pale tu ambapo wazazi wote wawili hawapo. Mjomba anaheshimiwa katika koo zetu za upande wa mama, nami sitamvunjia heshima, lakini sheria anayoitaja haimpi ridhaa hiyo. Imekupa wewe. Ukisema hapana, hakuna ridhaa.

Tena binti yako ni mwanafunzi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30, na wanaosaidia au kushawishi ndoa hiyo nao wanashtakiwa. Mwambie kaka yako jambo hili mbele ya mtu mzima wa tatu, kwa utulivu, ili arudishe posa kabla haijawa kesi.

Asipokubali, nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya binti, kisha kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ukishindwa kusafiri, piga simu 116, namba ya msaada kwa watoto, hata kwa simu ya kuazima. Chukua cheti cha kuzaliwa cha binti na cheti cha kifo cha marehemu, kwa kuwa cha pili ndicho kitakachoonyesha kwamba ridhaa iko mikononi mwako. Na usiku huu binti alale kwako, asipelekwe kwa mjomba hata kwa kisingizio cha kusalimia.